Baba, Kiu Yako Wameifanya Wasia

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini wewe mwenyewe ulinifunza kwamba mtu mkubwa huanzwa kwa salamu, maneno yakafuata. Nimekaa barazani kwako, kwenye kile kiti cha kamba ambacho Mama hataki mtu mwingine akikalie. Leo amenitazama, akaniacha. Hajambo kwa afya. Eda imekwisha, anatoka, anakwenda kwa jirani, ila gari lenye spika likipita huko barabarani huinuka akaingia ndani na kufunga mlango. Mama, ambaye zamani alikuwa wa kwanza kutoka kutazama!

Habari ya kwanza ungeifurahia. Chama chako kimeshinda. Kile kiti kilichobaki wazi, mbunge wetu wa upinzani alipopewa ubalozi akanyamaza kama mtoto aliyepewa titi, sasa ni chao. Miaka yote uliyokuwa mwenyekiti wa tawi hapa hamkukipata hata mara moja. Redioni wachambuzi wanasema wingi wa chama bungeni umezidi kunenepa, na kwamba kama Kwale imeelekea, pwani yote inaweza kuelekea. Wanasema chama kimewafikia wananchi kwa hoja.

Hoja yenyewe ni wewe. Wameshinda kwa jina lako, Baba, na kwa neno ulilolisema ukiwa huna nguvu ya kuinua mkono. Ndiyo sababu nakuandikia, na nikikosa adabu mahali, nisamehe.

Unazikumbuka korosho? Kila uchaguzi ukiisha ulikuwa ukitandika mkeka hapa hapa, redio pembeni, na bakuli la korosho za kukaanga. Kiti kikitangazwa unaweka korosho moja: huku chama, kule wale wengine. Sikuwa hata nimeanza skuli. Nikanyosha mkono, nikachukua moja, nikatia mdomoni. Ukapiga kelele majirani wakatoka: "Mwanatumu! Umekula mbunge!" Mama alicheka mpaka akakaa chini. Hivyo ndivyo nilivyojua maana ya wingi, kabla sijajua kuandika jina langu.

Na ulikuwa ukiamini, Baba. Hilo siwezi kukunyang'anya. Ulikuwa ukisema chama kikipata wingi, habari ya hatimiliki za ardhi na habari ya maji zitapita bila kelele. Wakapata wingi. Nikakuuliza maji yako wapi, ukaniambia wingi huu ni mwembamba, mtu mmoja akiugua tumbo mswada umeanguka, tuwaongezee. Wakaongezewa. Ukaniambia sasa kilichobaki ni theluthi mbili, wakiipata hiyo hawatakuwa na kisingizio. "Haba na haba hujaza kibaba, mwanangu." Nikakuuliza, kibaba cha nani? Ukacheka, ukasema tangu nijue kushona nimekuwa na ulimi wa mkasi. Siku ile mimi na wanangu tulikuwa tumetoka kuchota maji kwenye silanga, lile bwawa la udongo linalokusanya maji ya mvua, tumewapisha ng'ombe wanywe kwanza kwa sababu wao hawajui kungoja zamu.

Sasa nifike wodini. Wewe ulikuwapo, huhitaji kuelezwa, lakini yamesemwa vibaya mara nyingi mno na nataka angalau mahali pamoja yaandikwe yalivyokuwa.

Ulikuwa kitanda cha dirishani. Figo zilikuwa zimechoka, daktari amekukataza maji, unapimiwa kidogo kidogo kama dawa. Mimi nilikuwa nimekushika mkono. Ami Bakari, mdogo wako, alikuwa mlangoni na simu yake. Ukafumbua macho, ukasema, "Maji." Ulilisema kama ulivyokuwa ukilisema ukirudi shambani, bila huzuni, bila hotuba, mtu mwenye kiu anataka maji. Ami akasikia. Akakutazama usoni, akaona hali ilipofika, akatoka nje kuwapigia jamaa. Muuguzi akaniruhusu nikutie tone kwa kijiko, nami nikakutia. Ami hakuwapo tena. Yaliyofuata tunayajua mimi na wewe.

Tulikuzika siku ile ile. Wanaume waliporudi makaburini, sisi wanawake tulikuwa ndani tumemzunguka Mama. Mgombea wa chama alikuwa amekuja, na watu wake, na spika zao ambazo sijui ni nani aliyeziruhusu kwenye matanga. Ami akapewa nafasi ashukuru watu kwa niaba ya familia. Akashukuru. Kisha sauti ikamkatika, na kwa hilo simlaumu, alikuwa akikulilia kweli. Akasema, "Neno la mwisho la kaka yangu lilikuwa ni maji." Angekoma hapo tu! Lakini yule mgombea alichukua kipaza sauti kabla machozi ya Ami hayajakauka, akasema, "Jamani, hayo hayakuwa maneno ya mgonjwa. Mzee ametuachia wasia! Amekufa akiwaombea watu wake maji, na mimi huo wasia naubeba."

Wasia. Nilisikia neno hilo likiruka ukuta likaingia chumbani tulimokuwa, na wanawake wote wakaguna kwa pamoja. Unajua uzito wake kwetu. Mtu wa huku anaweza kuvunja ahadi, anaweza kuvunja hata ndoa yake, lakini wasia wa maiti haugusi. Mtu akiacha wasia kwamba mbuzi wake asichinjwe, mbuzi huyo atakufa kwa uzee huku watoto wanakula mchicha. Mgombea mwenyewe kazaliwa hapa, alijua anachokifanya. Wasemao maiti haulizwi sanda walikuwa na adabu kidogo, kwa sababu sanda angalau ni ya maiti mwenyewe. Hii waliyokukatia wewe waliivaa wao.

Na waliivaa kweli. Haikupita muda zikaja leso, mafungu kwa mafungu, za rangi za chama, na jina la leso limeandikwa kwa herufi kubwa: MAJI NDIYO WASIA WA MZEE. Kila mwanamke jozi moja, bure. Sasa fikiria, Baba, kazi yangu ni nini? Leso huja jozi imeungana, lazima ikatwe katikati na ipindwe ncha ndipo ivaliwe. Na fundi wao pale Kona ya Musa ni nani? Wakaniletea mimi. Walikuja kwa heshima, wengine wakinipa pole tena, wakidhani wananifurahisha. "Tushonee leso za Mzee, mwanangu."

Nilishona. Nilipita na sindano juu ya neno lako, leso baada ya leso, mguu unakanyaga cherehani na kifua kinawaka moto. Mpaka alipokuja mwanamke mmoja wa Tiwi nisiyemjua, akaitandaza mbele yangu, akaniuliza, "Huyu mzee alikuwa nani hasa?" Nikamrudishia leso yake haijapindwa. Nikamwambia sindano imevunjika. Tangu siku hiyo, kwa leso hiyo, sindano yangu imevunjika.

Nikaanza kuwaambia watu ukweli. Nilianza na Mama Mwanamisi, jirani yetu, kwa sababu ndiye aliyeapa mbele yako kwamba hatakipigia tena kura chama chako mpaka kiama, nawe ukamwambia basi mtaonana kiama. Nilimkuta silangani, amevaa leso ile ile, anachujia maji kwenye dumu kwa kitambaa. Nikamwambia, mama, hapakuwa na wasia wowote, Baba alikuwa na kiu tu, figo zilimkatalia. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hata kama ni kiu, mwanangu, si aliomba maji? Na sisi tunataka maji. Sasa tofauti iko wapi?"

Niliona vidole vyake vimejaa tope, nikabeba dumu langu nikaondoka.

Halafu ikaja arobaini yako. Mama alitaka khitma ndogo, watu wa msikitini na jamaa, pilau ya nyumbani. Ami akasema atashughulikia. Nilipoamka nikakuta mahema, viti vya kukodi, sufuria ambazo mtu mzima angeweza kuoga ndani, na bendera za chama mpaka kwenye mlango wa choo. Maalim alisoma dua yake kwa haraka, na ilipofika amina akavaa viatu akaenda zake bila kungoja chakula. Yeye alijua mapema nini kinakuja, na sisi wenye msiba ndio tuliobaki.

Yule kijana wao wa mambo ya kampeni, aliyetoka bara, alinifuata jikoni. "Dada, watu wanataka kukusikia wewe. Ami yako tumemsikia. Wewe ndiye ulikuwa na mzee pale kitandani. Usituangushe." Nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Nikajifunga buibui vizuri, nikatoka. Watu wakageuka, wote, hata watoto. Nilishika kile kipaza sauti, nikasema hivi, na nakariri kwako neno kwa neno kwa sababu sikusema mengi: "Mimi nilikuwapo. Baba yangu hakuacha wasia. Baba yangu alikuwa na kiu."

Baba, walishangilia.

Mgombea aliruka kutoka kitini, akainua mkono wangu juu kama bondia. "Mmesikia? Alikuwa na kiu! Kiu ya maendeleo! Kiu ya haki! Hata asingeacha wasia, kiu ile ilikuwa wasia tosha!" Wakaanza kuimba, kiu, kiu, kiu. Wazee uliokuwa ukiswali nao wakasimama, wakapiga makofi. Mkono wangu bado uko juu na mwenyewe sijauinua. Nilitazama kundi lote lile nikitafuta uso mmoja ambao umenielewa, nikauona wa Mama tu, dirishani, nyuma ya pazia, maana bado alikuwa edani. Alikuwa akitikisa kichwa polepole. Nimewahi kukasirika maishani, lakini siku ile ndipo nilipojua kwamba mtu anaweza kusema kweli tupu, kwa Kiswahili fasaha, ikatoka upande wa pili ni uongo.

Basi wakashinda. Wakati wa kampeni lori la maji lilikuwa likija kila asubuhi, na mashine ya kuchimba kisima ikaletwa, ikaegeshwa karibu na silanga, mgombea akapigwa picha ameishika kama anaikama maziwa. Ilitoboa shimo la kina cha mtu mrefu. Baada ya kura lori halikuonekana tena. Mashine nayo ikapakiwa, nasikia imepelekwa Lunga Lunga, kwa sababu uchaguzi mkuu unakuja na huko bado kuna kiti cha kutafutwa. Mbunge wetu mpya alipoulizwa, alisema tuwe na subira, mradi mkubwa kama huu unahitaji chama kiwe na wingi wa kutosha bungeni. Nilicheka peke yangu dukani mpaka mteja akaniuliza kama niko salama. Maneno hayo nimeyajua tangu enzi ya korosho.

Sasa lile linaloniuma kuliko mengine, na nimelizunguka barua nzima. Sijui kama wewe ungekasirika. Nakaa hapa najaribu kukuona uso umekunjamana kwa ajili ya yale waliyokufanyia, na uso unaonijia ni mwingine. Nakuona unaweka korosho nyingine upande wa chama. Nakusikia: "Kiti ni kiti, mwanangu." Uliwapa ujana wako, viatu vyako, mashamba mawili, na ndugu uliogombana nao kwa ajili yao, na pengine ungewapa na kifo chako ukiwa unatabasamu. Kama ni hivyo, basi nimekukasirikia na wewe, Baba. Nimekukasirikia sana. Mtu anapaswa kubakisha kitu kimoja cha watoto wake.

Ami anaamini wewe ungefurahi. Amekuja mara nyingi. Chama kinataka theluthi mbili, kiweze kubadilisha kinachotaka bila kumuomba mtu, na hesabu yao inapita majimbo ya huku kwetu. Wanataka mimi na Ami tuzunguke nao, kutoka Tiwi mpaka mpakani, tukisimulia kisa cha Mzee. Wameniahidi nafasi ya uteuzi kaunti. "Nafasi kama hii haiji mara mbili, Mwanatumu," Ami akaniambia, "na baba yako alikitumikia hiki chama mpaka pumzi ya mwisho." Ameanza kuvaa kofia yako, Baba. Inamkaa vibaya, inashuka mpaka masikioni.

Usidhani wale wengine ni bora. Upinzani nao walikuja, usiku haujaingia vizuri, watu wanne na tende za kumpa Mama. Wanajua nimekataa leso. Walitaka niseme kwamba ulikufa unakilaani chama chako. Nikawaambia hukukilaani. Basi niseme ulikijutia. Nikawaambia hukukijutia. Yule mkubwa wao akavuta kiti karibu, akasema kwa upole kabisa, "Dada, hakuna neno jingine lolote alilosema? Hata moja tu tunaweza kulifanyia kazi."

Lilikuwapo. Lilikuwa limefika kwenye ulimi wangu.

Ami alipokuwa nje na simu yake, nilikutia kijiko cha kwanza, ukameza. Nilikuletea cha pili, ukageuza uso kidogo tu, ukasema, "Yatosha, mwanangu." Kisha ukatamka shahada, nami nikiitamka pamoja nawe, ukaenda. Shahada ni yako na Mola wako. Lakini kwa mambo ya dunia hii, lile ndilo lilikuwa neno lako la mwisho, na ulilisema umekwisha kunywa. Uliomba maji ukapewa. Hukufa ukidai kitu kwa mtu. Watu wote hawa wanaotembea na kiu yako, hakuna hata mmoja anayejua kwamba ilikatwa, na kwa kijiko kimoja.

Nilikuwa nalo neno hilo siku ya arobaini, kipaza sauti kikiwa mkononi. Ningelisema pale, mbele ya watu ambao hawajawahi kulitamka kwa kiti wala kwa sahani. Na nilikuwa nalo wapinzani waliponisogelea na tende zao. Baba, fikiria tu wangelifanya nini! Kabla ya Ijumaa lingekuwa kwenye kuta zote za Ukunda, limekatwa lile "mwanangu" lake, limewekewa alama ya mshangao. Vijana wangelipigia ngoma. Wangeshinda kwalo, pengine, na wakishinda wangeanza nao kuomba waongezewe viti. Nikamjibu yule bwana kwamba hapakuwa na jingine. Nikamwongopea mgeni akiwa kwenye kiti chetu, na sijatubu.

Kwa sababu hilo ulinipa mimi. Hukuliambia tawi, hukuwaambia wananchi. Ulimwambia mtu aliyekushikia kijiko.

Basi nakuaga, Baba. Mwenyezi Mungu akurehemu, akupanulie kaburi lako, akunyweshe kwa mkono usiotaka kura. Hasira niliyonayo juu yako nitaibeba mpaka ichoke yenyewe. Nakuahidi kwamba neno lako hilo halitapanda jukwaani, la hao wala la wenzao, na atakayeniuliza tena yaliyotokea wodini nitamwambia aende akaulize wagonjwa walio hai.

Ami ametuma ujumbe. Kesho asubuhi gari la chama litakuja kunichukua, safari ya Lunga Lunga, mkutano wa kwanza. Anasema nijiandae na maneno. Nimeshajiandaa. Atanikuta mlangoni kwetu na nguo zangu za kazi, nitamwamkia shikamoo yake kama ulivyonifunza, kisha nitamwambia neno moja tu. Hatajua nimelitoa kwa nani.

Mwanao,
Mwanatumu